Nusu ya Mtakatifu Yosefu

Ipo nchi iitwayo Tengamano, na usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe waliomba wasichorwe, wakihofia kujaa wageni. Lakini ni nchi ya ukarimu, na anayebisha hukamatwa. Kila mwaka huadhimisha Sikukuu ya Ukarimu, na siku hiyo, kuanzia Ikulu hadi choo cha stendi, hutundikwa mabango ya kitambaa yenye methali iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Na kweli, mgeni amekuja na mwenyeji amepona. Amepona mpaka ana kitambi. Kuhusu afya ya mgeni methali haikusema kitu, na Watengamano si watu wa kuongeza maneno kwenye hekima ya wahenga.

Gaudensia aliingia Tengamano kwa kuvuka mto, maji kifuani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kwenye mabega ya mumewe Melkiori. Nyuma yao vita vilikuwa vimekula mashamba, vikamaliza ng'ombe, vikaanza kula watu. Kwao Gaudensia alikuwa fundi cherehani, tena wa kutafutwa kutoka vijiji vya mbali. Melkiori alikuwa seremala, lakini sifa yake hasa ilikuwa kuchonga sanamu za watakatifu, maana upande ule wa mto watu ni Wakatoliki tangu babu na babu.

Upande huu wa mto watu ni wa Kanisa la Taifa, ambamo Mungu huombwa kupitia wizara husika, naye hujibu katika siku za kazi. Watu wa ng'ambo waliitwa Warozari, kwa sababu ya zile tasbihi zao, na haikuwa tusi. Serikali ilikwisha kufafanua kwamba si tusi.

Zamani, enzi za Warozari wa kwanza waliokuja kuchimba Mfereji Mkuu, kila mlango wa karakana ulikuwa na kibao: KAZI IPO. WAROZARI HAPANA. Siku hizi mambo yamebadilika sana. Sheria imepiga marufuku vibao vile, navyo vimekusanywa kwa heshima vikawekwa katika makumbusho ya taifa ili watu wajifunze ubaya wa zamani. Warozari hawaruhusiwi kuingia humo, wasije wakaumia roho. Milangoni sasa kumeandikwa KAZI IPO, KARIBUNI WOTE. Yale maneno mengine husemwa kwa mdomo, ndani, na mtu anayetabasamu.

Gaudensia alianza na mgahawa.

"Ijumaa unakula nini?" akaulizwa na mwenye mgahawa.

"Samaki nikipata. Nisipopata, maharage."

"Nyama huli?"

"Ijumaa, hapana."

"Ah, pole sana dada yangu. Hapa tunauza sambusa za nyama mpaka Ijumaa. Utawatia wateja hatia bure."

Akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa anatafuta mtu wa kufua na kupiga pasi. Mama yule alimsogelea, akamnusa shingoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Unanuka ubani."

"Ni moshi wa kuni, mama."

"Moshi wa kuni ungenichoma macho. Huu unanitia hofu ya Mungu. Siwezi kukaa na hofu ya Mungu humu ndani kuanzia asubuhi mpaka jioni, nina biashara zangu."

Naye Melkiori alikwenda kwenye chama cha maseremala, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kushika randa nchini bila kuwa mwanachama. Wakampokea vizuri, wakampa chai, wakamweleza kwamba uanachama uko wazi kwa kila mtu ambaye baba yake alikuwa mwanachama.

Mwishowe Gaudensia akafika kwenye Kiwanda cha Mabango ya Ukarimu, mali ya Mheshimiwa Tadi Mwenyenchi. Hapo hakuulizwa samaki wala hakunuswa. Aliajiriwa palepale, tena alikuta wafanyakazi wote ni Warozari. Alitaka kupiga vigelegele. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye cherehani ya jirani akamvuta upindo wa kitenge.

"Ngoja kwanza usikie hotuba, mwanangu."

Huyo alikuwa Bibi Skolastika, mwanamke mwenye miaka sabini na vidole vilivyopinda kama vijiti vya kufumia. Alikuwa amezaliwa Tengamano, hajavuka mto wowote maishani mwake, na kwenye kitambulisho chake kuliandikwa Mgeni wa Kuzaliwa. Baba yake alichimba ule Mfereji Mkuu. Enzi hizo wachimbaji walitozwa kodi ya shimo, kwa sababu walikuwa wakikaa ndani yake kutwa nzima, na kadiri walivyozidi kulichimba ndivyo kodi ilivyopanda, kwa kuwa shimo lilikuwa limekuwa kubwa na la kisasa zaidi.

Mheshimiwa Mwenyenchi akaingia. Alivaa suti nyeupe, na kifuani nishani tatu za ukarimu, moja ikiwa ya mwaka ambao haujafika.

"Akina mama," akasema kwa sauti ya mtu anayefungua daraja, "nchi hii haina ubaguzi. Ujira wa bango ni uleule, awe ameshona nani. Shida yenu ninyi ni idadi. Mtengamano akikaa kwenye cherehani anashona peke yake, masikini ya Mungu, hana wa kumsaidia. Ninyi mkikaa tu, kabla hamjatia uzi kwenye sindano, mnasema, 'Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.' Tayari! Mmeita msaidizi! Kazi imefanywa na wawili. Sasa mimi, mtu wa haki, nimlipe mmoja nimdhulumu mwingine? Tena mtakatifu? Nusu yako, nusu ya Yosefu."

Wanawake wakatazama sakafuni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba Mtakatifu Yosefu adhulumiwe.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Gaudensia. "Hiyo nusu yake iko wapi?"

"Imetunzwa."

"Imetunzwa wapi?"

"Kwangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje mwenyewe kuichukua," akasema Mheshimiwa, na wasaidizi wake wakacheka kwa zamu, kufuatana na vyeo.

Alipokwisha kutoka, Gaudensia akamnong'oneza jirani yake. "Bibi, kwa nini tusiache kusali humu ndani?"

"Nilijaribu. Mwezi mzima nilifunga mdomo kama komeo. Wakanikata vilevile. Walisema ninasali kimoyomoyo."

Gaudensia akashona. Ungefanya nini? Watoto walitaka kula, na nusu ya ujira ni afadhali kuliko tabasamu zima la mwenye mgahawa. Alishona methali ile mpaka akawa anaiota, na mwisho wa mwezi akabeba nusu yake akaenda kumlipa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba akazihesabu pesa, akabaki amenyoosha kiganja.

"Bado nusu."

"Bado nusu vipi? Chumba ni kimoja, na hiyo ndiyo kodi tuliyopatana."

"Tulipatana mkiwa ninyi peke yenu. Mbona naona ukutani mna picha ya yule mzee mwenye ndevu? Mpangaji mwenye mtakatifu chumbani ni wapangaji wawili. Mwezi huu nimewasamehe, mwezi ujao mtalipa ya watu wawili au mtoke."

Jioni hiyo, watoto wamelazwa na uji mwepesi ambao ungeweza kumwonyesha mtu sura yake, Gaudensia alimweleza mumewe. Alieleza bila kulia, na hilo lilimtisha Melkiori kuliko kilio.

"Yaani Yosefu anafanya kazi kiwandani," akasema polepole, "analipa kodi ya nyumba, na hali chakula. Mke wangu, huyo ndiye raia bora kuliko wote katika nchi hii."

"Usinichekeshe. Hatuna pa kwenda."

"Sikuchekeshi. Hebu nikumbushe maneno ya yule bwana. Alisema nusu itatunzwa mpaka lini?"

"Mpaka aje mwenyewe kuichukua."

Melkiori akainuka, akatazama kitanda chao. Kilikuwa cha mninga, kitu pekee cha thamani walichowahi kununua Tengamano, mtumba wa mtumba. Alikigonga kwa kidole, akasikiliza, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa.

"Basi atakuja," akasema.

Tangu hapo familia ikalala chini. Melkiori alichonga ndani, mlango umefungwa, maana angekamatwa akishika patasi bila uanachama. Na Mtakatifu Yosefu akatoka katika ubao ule kama mtu anayetoka usingizini: mabega mapana, mikono mikubwa ya kazi, na usoni uchovu wa mtu ambaye amewahi kukimbia usiku na mtoto mchanga kwenda nchi ya watu. Gaudensia alipomwona amekamilika alimpangusa vumbi la mbao usoni kwa ncha ya khanga, kama ambavyo angempangusa baba yake.

Siku ya malipo iliangukia mkesha wa Sikukuu ya Ukarimu. Uani mwa kiwanda palikuwa na maturubai, viti vya wageni rasmi na waandishi wa habari, kwa sababu Mheshimiwa Mwenyenchi alikuwa anatunukiwa Ngao ya Taifa ya Ukarimu, na aliyekuja kumtunuku ni Kamishna wa Kazi mwenyewe, Bwana Hekima Kidawa, mtu aliyezijua sheria zote za nchi kwa moyo na hakuwahi kuelewa hata moja.

Kamishna alikuwa katikati ya hotuba, pale panapotajwa mapenzi ya mwenyeji kwa mgeni, mara litania ikasikika barabarani. Lango likafunguka. Wanawake wa kiwanda waliingia wakiimba, wamembeba Yosefu juu ya machela, Gaudensia mbele, Bibi Skolastika pembeni akiitikia kwa sauti ya kutu. Padri wao aliposikia mpango huo alisema hakusikia chochote, kisha akawaazima wanaume wa kwaya wenye mabega.

Wakamsimamisha mtakatifu mbele ya meza kuu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Gaudensia. "Ulisema nusu yake unaitunza mpaka aje mwenyewe. Amekuja."

Kicheko cha waandishi kikazimwa na jicho la Mheshimiwa.

"Wewe mama, hicho ni kipande cha mti!"

"Mheshimiwa, akishona hakuwa mti. Amegeuka mti siku ya malipo?"

Hapo hata askari wa langoni aligeuka kando ili acheke akitazama ukuta. Mheshimiwa alimtazama Kamishna kwa macho ya kuomba maji. Kamishna akakohoa, akakaza tai, akamkabili Yosefu.

"Huyu bwana ni raia?"

"Si raia," akasema Gaudensia.

"Ana kibali cha kufanya kazi nchini?"

"Hana."

"Basi shauri limekwisha!" Kamishna aling'aa. "Sheria ya Tengamano iko wazi. Mgeni asiye na kibali hastahili ujira wowote. Akina mama, mrudisheni mzee wenu."

Wageni rasmi walipiga makofi. Mheshimiwa akaketi, akajifuta jasho, akanyoosha mkono apewe ngao yake.

"Tumekubali," akasema Gaudensia. "Naomba tu kuelimishwa, Bwana Kamishna, mimi ni mgeni. Mwajiri aliyemfanyisha kazi mtu asiye na kibali, sheria inasemaje?"

"Kifungo cha miaka saba na kiwanda kutaifishwa," akajibu Kamishna papo hapo, kama mtoto anayeulizwa jedwali la kuzidisha. Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kalamu za waandishi tu ndizo zilizosikika.

"Hakufanya kazi!" Mheshimiwa aliruka kitini. "Nani alimwona? Huyu hajagusa hata sindano katika kiwanda changu! Tangu lini watakatifu wakashona? Mna akili kweli? Kila bango lililotoka humu lilishonwa na hawa hawa wanawake, kwa mikono yao, mwanzo mpaka mwisho!"

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Gaudensia. "Hilo ndilo tulilokuja kusikia."

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini wapiga picha walisukumana wapate uso wa Mheshimiwa, mmoja akajikwaa kwenye machela, na Mtakatifu Yosefu akayumba. Aliinama mbele, mninga mzima, akielekea meza kuu. Na Mheshimiwa Tadi Mwenyenchi, mbele ya Kamishna, mbele ya taifa, akapiga ishara ya msalaba: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, kwa kasi ya mtu aliyefundishwa kabla hajaota meno.

"Yesu, Maria na Yosefu!" akapiga kelele.

Wanakwaya walimdaka mtakatifu. Mheshimiwa hakuwa na wa kumdaka.

"Tadei," akasema Bibi Skolastika. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemwita mtoto aje kula. "Tadei wa Emerensiana. Nilisema nakufananisha. Babu yako na baba yangu walikuwa shimo moja."

Nchi makini haipapatiki. Jioni ileile serikali ilikaa, na asubuhi ikatoa uamuzi uliomridhisha kila mtu aliyekuwa kwenye kikao. Kwanza, ilithibitika kwamba Mtakatifu Yosefu hakuwahi kufanya kazi nchini, kwa hiyo wanawake walipwe ujira kamili kuanzia sasa. Ule wa nyuma hawana haki nao, kwani waliupokea nusu bila kukataa, na asiyekataa ameshukuru. Pili, mtakatifu huyo aliingia nchini bila kibali, hivyo arudishwe kwao. Wakaja polisi na gari. Walimkalisha katikati, askari mmoja huku, mmoja kule, wamemshika mikono asitoroke, wakamshusha ng'ambo ya mto na kumwonya asirudie. Melkiori alilifuata gari mpaka mwisho wa mtaa. Aliporudi alikaa mahali ambapo kitanda kilikuwa.

Na Mheshimiwa? Enyi mlioanza kumhurumia, ahsanteni, lakini hana shida. Aliita waandishi, akatoa machozi mawili, moja kila jicho. "Mimi ni mjukuu wa mchimba mfereji!" akatangaza. "Mimi ni ushahidi kwamba Mrozari akijituma, Tengamano inamfikisha!" Watu walisimama kushangilia. Kabla wiki haijaisha aliteuliwa Waziri wa Ukarimu na Wageni. Kiwanda hakukiacha.

Mwezi uliofuata wakaja wageni wengine, watu wa kusini ambao ziwa lao lilikauka. Wakatoliki nao, ila wa lugha nyingine na nyimbo nyingine. Waziri alimwita Gaudensia ofisini, akamkaribisha kiti, akamwagizia chai ya maziwa.

"Mama, wewe una akili, nami sipendi akili ikae mbali nami. Nakufanya msimamizi. Ujira mara mbili, na nyumba ya kiwanda, vyumba vitatu. Kazi yako ni ndogo tu: kuwaeleza hawa wapya utaratibu. Hawa sitawalipa nusu, nilikwisha kujifunza. Watalipwa robo."

"Robo kwa sababu gani, Mheshimiwa?"

"Hujawasikia? Wanaimba wakishona. Mtu anayeimba anastarehe. Serikali haiwezi kumlipa mtu kwa starehe zake." Akamvika ufunguo wa nyumba shingoni, kwenye utepe. "Wakiambiwa na mwenzao wataelewa. Hata babu yangu alielezwa na mwenzake."

Gaudensia alilala na ufunguo ule kifuani. Sitaki kumsingizia utakatifu: alihesabu vile vyumba vitatu, akawapangia watoto mmoja, akaweka hata mapazia. Sakafu ilikuwa baridi na mtoto mdogo alikuwa akikohoa. Melkiori alikuwa macho pembeni yake na hakumshauri lolote, maana alijua lolote atakalosema litakuwa mzigo.

Asubuhi wale wanawake wapya walikuwa wamesimama uani, vibwebwe viunoni. Waziri alikuwa dirishani juu, na kikombe chake. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsogelea Gaudensia, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Mama, hapa sisi lipwa kiasi gani?"

Gaudensia akamtazama yule mtoto. Akatazama juu dirishani, naye Waziri akamwinulia kikombe, kama watu wa ukoo mmoja.

"Mtaambiwa robo," akasema Gaudensia, kwa sauti ya kufika ghorofani. "Ni wizi. Bango ni lilelile, ujira uwe uleule. Anayetaka kubaki abaki, mwenye njaa simlaumu. Mimi kwa maneno hayo siwezi kuwa mdomo."

Wengi walibaki. Njaa haigomi. Watatu walitoka kwenye foleni, akiwemo yule msichana.

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Mara msaidizi wa Waziri akashuka ngazi mbiombio, akapita mbele ya Gaudensia kama anayepita mbele ya nguzo, akaenda kumnong'oneza Bibi Skolastika sikioni. Bibi alisikiliza. Aliuliza kitu kimoja, akajibiwa, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamjia Gaudensia, akinyoosha kiganja kilichopinda.

"Nipe huo ufunguo, mwanangu."

"Bibi! Wewe?"

"Mimi." Hakuinamisha macho. "Nimekuwa mgeni miaka sabini. Baba yangu alikufa mgeni, mama yangu alikufa mgeni. Niache nami niwe mwenyeji, hata kwa mwezi mmoja, kabla sijafa."

Gaudensia alikuwa na maneno makali tayari, yamejipanga ulimini, na yote yalikuwa ya haki. Aliyameza. Akavua utepe, na kwa kuwa vidole vya bibi vilikuwa vimepinda, akamvika yeye mwenyewe, akamwekea sawa kola ya gauni.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba," akajibu bibi kwa shida.

Gaudensia akatoka nje ya lango. Wale watatu walikuwa wakimngoja juani, wakitazama mtaa mzima wa milango iliyoandikwa KARIBUNI WOTE, na yule msichana akamuuliza ni upi sasa wakabishe hodi. Gaudensia alitazama mlango mmoja baada ya mwingine. Hakuujua. Alimpokea yule mtoto mgongoni ili mama yake apumzike kidogo, akatangulia.